Jinsi ya kulinganisha mashujaa wa tanzia: Edipode, Willy Loman na Kinjeketile

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tano alinganishe shujaa wa tanzia, yaani mchezo wa kuigiza unaoishia kwa anguko la shujaa, ya kale na wa tanzia ya kisasa, uone atakavyoanza. Anachukua rula, anachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto: mfalme, miungu, hatima, lugha ya kishairi. Kulia: mtu wa kawaida, jamii, uchumi, lugha ya kila siku. Jedwali linapendeza na halina kosa kubwa. Shida ni kwamba akishalimaliza hajasema lolote ambalo msahihishaji hajalisoma kwenye karatasi ya jirani yake.

Hatua zifuatazo nimeziandika kwa ajili ya wanafunzi na walimu wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini, hasa wa shule zile ambazo maktaba ni kabati moja na tamthiliya moja husomwa kwa zamu na dawati zima. Hazihitaji vitabu vingi. Zinahitaji swali moja ambalo utalishikilia mwanzo hadi mwisho: shujaa alijua nini, alijua lini, na alipojua alifanya nini?

Hatua ya kwanza: chagua watu, usichague majalada

Mimi nitatumia watatu. Wa kwanza ni Edipode, mfalme wa Thebes katika tamthiliya ya Sophocles, kutoka Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Samuel Mushi alimleta kwa Kiswahili katika Mfalme Edipode, kilichochapishwa mwaka 1971. Wa pili ni Willy Loman, mzee anayezunguka na gari kuuza bidhaa za kampuni katika Death of a Salesman ya Arthur Miller, iliyoonyeshwa New York kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Wa tatu ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, wa mwaka 1969.

Swali la mtihani kwa kawaida linataka wawili. Andaa watatu hata hivyo, kwa sababu wawili hukaa kwa raha mno, kila mmoja upande wake wa mstari, na wewe unabaki kunakili tofauti zao. Kinjeketile anaharibu jedwali. Mtunzi wake ni wa kisasa, lakini shujaa mwenyewe amepagawa na roho aitwaye Hongo, ana unabii na ana watu wanaomfuata kama Thebes ilivyomfuata mfalme wake. Utamweka upande gani?

Angalizo la kwanza: jina lililo kwenye jalada si lazima liwe la shujaa. Katika Juliasi Kaizari, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, Kaizari anauawa kwenye tendo la tatu na bado yapo mawili mbele. Anayebeba tanzia ile ni Brutus, mtu mwema aliyejiridhisha kwa hoja safi kabisa kwamba amwue rafiki yake.

Angalizo la pili linatuhusu sisi wa huku zaidi. Vita vya Majimaji ni habari za nyumbani. Mwaka 1905 Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Kwa hiyo mwanafunzi wa Njombe au Songea anakuja na masimulizi ya babu yake, anayamwaga kwenye jibu. Masimulizi hayo yana thamani, ila si ushahidi wa tamthiliya. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwaka ule ule wa 1905. Kinjeketile wa jukwaani ana mashaka, maneno na ukimya aliopewa na Hussein. Unayemlinganisha ni huyo wa pili.

Hatua ya pili: tafuta uamuzi kabla ya kutafuta kasoro

Siku hizi kiburi kinatiwa kwenye kila jibu kama chumvi. Edipode ana kiburi, Willy ana kiburi, Makbeth ana kiburi, Okonkwo wa Things Fall Apart naye anaingizwa ingawa ni wa kwenye riwaya. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki ambaye ndiye tunayemsingizia, alizungumzia kosa ambalo mtu analitenda, akasema litendwe na mtu ambaye si malaika wala si mwovu. Kosa linaonekana jukwaani. Tabia unaibuni wewe.

Fanya hivi. Chukua karatasi, orodhesha kila mahali ambapo shujaa angeweza kugeuka akaenda njia nyingine. Usiandike alivyo, andika alichofanya.

Ukimfanyia hivyo Edipode utashangaa. Mambo tunayomshtaki nayo, kumwua baba na kumwoa mama, yalishatendeka miaka mingi kabla pazia halijafunguliwa. Jukwaani anafanya jambo moja tu: anachunguza. Mji una tauni, Delphi imesema mwuaji wa mfalme Laio atafutwe, naye anamlaani mwuaji huyo mbele ya watu wote. Anamwita Tiresia, mtabiri kipofu, na Tiresia anaomba arudishwe nyumbani. Anaendelea. Jokasta, mkewe, anamsihi aache. Anaendelea. Mchungaji mzee anasitasita, naye anatishia kumtesa. Akili ile ile iliyofumbua kitendawili na kuiokoa Thebes ndiyo inayommaliza. Ukiandika hivyo umesema jambo. Ukiandika "kiburi" umefunga mlango.

Willy naye ana njia za kutokea. Iliyo wazi kuliko zote ni jirani yake Charley, ambaye kila wiki anamkopesha dola 50 ili akamdanganye mkewe kwamba ni mshahara. Charley anampa kazi. Willy anakataa kazi, anachukua mkopo. Kaa hapo kwa muda, kwa sababu tanzia nzima imo katika tendo hilo: kuomba anaweza, kuajiriwa na Charley hawezi.

Kwa Kinjeketile orodha inakuwa fupi na ngumu. Ametoa maji yanayoaminiwa kuwakinga watu na risasi, ameunganisha makabila yaliyokuwa yakichukiana, kisha anajaribu kuwazuia watu wasianze vita mapema. Neno lake limeshamtangulia. Uamuzi wake mkubwa unakuja mwishoni kabisa, gerezani. Tutaufikia.

Hatua ya tatu: pima anachoshikilia, achana na cheo

Hapa usipoteze muda. Aristotle alitaka mtu mwenye jina kubwa. Miller, mwaka huo huo wa 1949, aliandika insha akisema mtu wa kawaida anafaa kwa tanzia sawasawa na mfalme, mradi awe tayari kutoa uhai wake kulinda heshima yake. Taja mvutano huo kwa sentensi mbili, kisha songa mbele.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunipinga darasani: "Mwalimu, huyu Willy si shujaa, huyu ni mzee mwenye madeni." Hoja nzuri, na iandikwe kwenye jibu. Madeni kweli yamejaa: friji, gari, paa, bima, nyumba, kila kitu kwa malipo ya kidogo kidogo. Darasa lililowahi kuona mama wa Mwanjelwa akifuatwa dukani na watu wa kausha damu halihitaji kuelezwa zaidi. Lakini muulize mpinzani huyo: kama ni madeni tu, mbona kazi ya Charley ingeyalipa na bado ameikataa? Anachoshikilia si pesa. Anashikilia picha ya mtu anayependwa kila anapoingia, picha ambayo haikuwahi kuwa kweli. Edipode anashikilia jina la mwokozi wa mji. Kinjeketile anashikilia umoja wa watu. Umbali wa kuanguka upime kutoka hapo.

Hatua ya nne: uliza ni nani anayesukuma

Jibu jepesi ni kwamba wa kale wanasukumwa na miungu na wa sasa wanasukumwa na jamii. Si uongo, ila lijaribu kwa kusoma onyesho moja polepole.

Soma pale Willy anapoingia ofisini kwa Howard, bosi kijana ambaye baba yake ndiye aliyemwajiri Willy. Amekuja kuomba asisafirishwe tena. Howard anahangaika na kifaa kipya cha kunasa sauti. Anamsikilizisha Willy sauti ya binti yake akipiga mluzi, mwanawe akitaja miji mikuu ya majimbo ya Marekani, mkewe akisema hana la kusema. Mzee wa miaka 63 amesimama, ana neno la maisha yake kooni, na anatakiwa kusifia mashine. Howard hamtukani. Hana hata chuki naye. Anakataa ombi lake, anatoka, na Willy akibaki peke yake anaigusa mashine kwa bahati mbaya, inaanza kuongea, naye anapiga kelele za hofu kwa sababu hajui kuizima. Howard anarudi, anaizima, na ndipo anamfukuza kazi.

Sasa rudi kwa Edipode. Utabiri ulisema atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Haukusema kwamba atachunguza. Hakuna mungu aliyemlazimisha kumwita yule mchungaji. Kwa hiyo mfalme anayedaiwa kuwa mtumwa wa hatima ana uhuru mwingi jukwaani, na raia huru wa Marekani mbele ya Howard hana hata nafasi ya kumaliza sentensi. Ukifika hapa jedwali la mwanzo limeanza kuyumba, na ndipo tunapopataka.

Kwa Kinjeketile wasukumaji ni wengi: utawala wa Kijerumani na kazi za shuruti za pamba, watu waliochoka kungoja, na Hongo mwenyewe. Kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Akiwa amepagawa anatamka kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Fahamu zinapomrudia anashtuka: wamtoe Mjerumani ili waingie chini ya mtawala mwingine? Nguvu inayomsukuma imemwekea mdomoni maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini.

Hatua ya tano: kaa kwenye saa ya kujua

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda wako mwingi. Nyingine zote ukizifanya nusunusu utasalimika.

Isomeni kwa sauti. Juni na Julai huku Iringa, watu wamejikunyata ndani ya masweta, ndiyo majira yenyewe, maana kila mtu anatafuta sababu ya kusimama. Chukueni onyesho la Edipode na mchungaji. Mmoja asome mfalme, mmoja mchungaji, na wa tatu asisome chochote ila aweke alama kwenye karatasi kila mchungaji anapojaribu kukwepa swali. Mtaona mzee wa watu anavyorudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anasema yuko ukingoni mwa jambo la kutisha kusema. Mfalme anajibu kwamba naye yuko ukingoni mwa kusikia, lakini lazima asikie. Hapo anajua. Anajua kabla hajaambiwa, na bado anauliza. Kisha anajua yote, bila mabaki, na kwa vifungo vya vazi la Jokasta anajitoboa macho kwa mkono wake.

Halafu someni usiku wa mwisho wa Willy. Biff, mwanawe mkubwa, amechoka na uongo wa nyumba nzima. Anamwambia baba yake kwamba wao wote wawili ni watu wa kawaida tu, wa kupatikana popote. Willy anang'aka, analitaja jina lake na la mwanawe kama mtu anayetaja cheo. Biff anavunjika, analia akimshikilia baba. Na Willy anagundua kitu: kumbe kijana ananipenda. Ugunduzi huo ni wa kweli! Wanafunzi wengi huandika kwamba Willy hakutambua chochote, na hapo wanakosea. Ametambua upendo, ila papo hapo anaugeuza kuwa hesabu: nikifa, bima italipa dola 20,000, na kijana huyu wa ajabu ataanza maisha. Anatoka, anawasha gari. Ukweli mmoja umemfikia na ukweli wa pili, ule ambao Biff amemlilia aupokee, umempita.

Kinjeketile ni kinyume cha wote wawili. Amejua mapema. Kabla vita havijaanza tayari ana shaka na maji, na mtu mwenye shaka peke yake katikati ya watu wenye imani hana pa kuitumia shaka yake. Baada ya kushindwa, akiwa amefungwa, anatakiwa aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Angalia ugumu wa hapo: wanachotaka aseme kinafanana sana na kile anachokiamini moyoni. Anakataa. Akikana, vizazi vitakavyokuja vitaambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Neno limezaliwa, na halimhitaji tena aliyelizaa.

Ziweke saa hizo tatu mfululizo. Mmoja anajua mwishoni, akajiadhibu. Mmoja anajua nusu, akajiua kwa ajili ya nusu hiyo. Mmoja anajua tangu mapema, akafa bila kusema. Huo ndio ulinganishaji, na haukugawanyika kwa kale na kisasa. Kwa maoni yangu Kinjeketile yuko karibu zaidi na Edipode kuliko Willy, kwa sababu wote wawili wanabeba watu nyuma yao na wanajua wanachochagua. Wewe unaweza kubisha. Bisha kwa kutumia maonyesho, si kwa kutumia miaka ya kuchapishwa.

Hatua ya sita: tazama waliobaki jukwaani

Andika mstari mmoja kwa kila tamthiliya. Edipode kipofu anawapapasa mabinti zake, na korasi, lile kundi la wazee wa mji, inaonya kwamba mtu asiitwe mwenye heri kabla hajafika mwisho wa maisha yake. Kwa Willy hakuna korasi: kaburini wako mkewe Linda, wana wawili, Charley na mwanawe Bernard, wale wateja wote aliojisifia hawakuja, na Linda anamwambia marehemu kwamba leo amelipa deni la mwisho la nyumba. Kwa Kinjeketile linabaki lile neno.

Hatua ya saba: andika kwa hoja, usiandike kwa kitabu

Kosa linalokula alama nyingi ni kumweleza Edipode kurasa mbili, kisha Willy kurasa mbili, kisha kufunga kwa "hivyo wanafanana na kutofautiana". Kila aya iwe na wahusika wote wawili ndani yake, na ianze na dai.

Aya dhaifu huanza hivi: "Edipode ni mfalme wa Thebes ilhali Willy ni mfanyabiashara." Msahihishaji anajua. Jaribu hivi badala yake: "Edipode na Willy wote wanaombwa na watu wanaowapenda waache, na wote wanaendelea, tofauti ni kwamba Jokasta anamzuia mumewe asiujue ukweli, wakati Biff anamzuia baba yake asiukimbie." Sentensi hiyo ina kufanana, kutofautiana na ushahidi wa pande mbili, na imekupa aya nzima ya kufafanua. Aya nne za namna hiyo zinatosha. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua umesema nini, na usianze na maana ya tamthiliya.

Zoezi la nyumbani

Ukitaka kujua kama umeelewa, tengeneza shujaa wako. Kila mwaka nikitoa zoezi hili naletewa Mkwawa, na si ajabu: ushindi wa Lugalo 1891, kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga 1894, risasi aliyojipiga mwaka 1898, fuvu lililokaa Ujerumani mpaka 1954. Mulokozi alishamwandikia tamthiliya, Mukwava wa Uhehe. Tena fuvu, pamoja na uzito wake wote, ni habari ya baada ya pazia kufungwa. Mtu akishakufa hana uamuzi.

Mjaribu ndugu yake, Mpangile. Alijisalimisha kwa Wajerumani, wakamkalisha kwenye utawala wa Uhehe wakati Mkwawa bado yuko porini, kisha mwaka 1897 wakamnyonga kwa tuhuma kwamba anamsaidia kaka yake kisirisiri. Ukiwa Iringa nenda Kalenga kwenye makumbusho, uangalie mahali penyewe palivyo kabla hujaandika. Halafu pitia hatua: angegeukia wapi, alikuwa anashikilia nini kwa kukikubali kiti, nani alimsukuma, na usiku gani alijua. Andika onyesho moja tu, watu watatu jukwaani, wasizidi. Tuhuma zile ziwe kweli au za uongo, hilo utaamua wewe mtunzi, na kila uamuzi utakupa tanzia tofauti.

Ukimaliza, mpe mwenzako asome kwa sauti. Akiuliza "sasa kwa nini hakukimbia?" na karatasi yako haina jibu, rudi hatua ya pili.